Anajua kumbeba, mbona nyumbani hambebi?

Swali: Shikamoo Sista. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nipo kijiji kimoja mkoani Njombe. Tangu mwaka jana nimekabidhiwa akina mama watatu waliotoka hospitali na watoto njiti, niwe nawatembelea. Wote walifundishwa kangaruu wodini, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na ukiwauliza wanakujibu vizuri kabisa. Lakini nikifika nyumbani baada ya wiki moja namkuta mtoto kitandani ndani ya mablanketi, jiko la mkaa liko chumbani, mama yuko shambani au jikoni. Mmoja tulimrudisha hospitali amepoa kama maji ya mtungini. Nikirudia somo, mama anasema, "Najua dada, nilifundishwa." Nifundishe vipi ili washike? Na mama mkwe akisema mambo ya kangaruu ni ya hospitali, nimjibu nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa huyo aliyepoa, na ahsante kwa kumwahisha hospitali.

Nianze na hilo neno "najua", kwa sababu mama anasema kweli. Wodini alikaa na wenzake sita au saba, wote wamefungua vifua, hakuna wa kumshangaa. Usiku wa manane muuguzi alipita, akimkuta amemlaza mtoto pembeni anamrudishia kifuani. Chakula aliletewa. Kazi yake ilikuwa moja tu. Sasa amefika nyumbani, sebuleni yupo baba mkwe na wageni waliokuja kutoa pongezi, kuni zimekwisha, mtoto mkubwa analia, na kuna viazi vinasubiri kupaliliwa. Hakusahau chochote. Alifundishwa maisha ya wodini, na wodini ameshaondoka.

Nilifanya kosa hilo kwa miaka. Siku mama anaruhusiwa namkalisha kwenye benchi, namwaga maneno nusu saa nzima, naye anaitikia "ndiyo Sista" huku jicho liko kwa shemeji aliyekuja na pikipiki. Mama mmoja niliyemruhusu na mtoto wa kilo 1.6 alirudi baada ya siku tisa, mtoto ana kilo 1.4. Nikamwuliza, kwa ukali nakiri, kwa nini hukumbeba? Akanijibu taratibu: "Sista, ningembeba, nani angechota maji?" Sikuwa nimewahi kumwuliza ni nani anachota maji kwao. Tangu siku hiyo somo langu linaanza na swali: nieleze siku yako, kuanzia jogoo la kwanza mpaka unapolala. Nawe anza hapo. Akimaliza kukueleza, mtaona wote wawili ni saa zipi kifua chake kiko huru, na ni saa zipi anahitajika mwingine.

Maana huyo mwingine ndiye nusu ya somo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya: kila mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo abebwe ngozi kwa ngozi, hospitalini na nyumbani, kati ya saa 8 na saa 24 kwa siku, kadiri inavyowezekana. Mama wa kijijini ukimtajia saa 24 siku ya kwanza anakata tamaa pale pale, anaona bora aache kabisa. Hesabu naye zilizopo. Usiku wote ni wake, hizo ni saa tisa au kumi. Alfajiri wakati anawasha moto, bibi yupo. Jioni baba amerudi. Kifua cha baba kina joto lilelile, na nimeona wanaume waliokuja wodini na aibu wakaondoka wakiwa hawataki kumtoa mtoto. Kama ni mapacha, mama anaweza kuwafunga wote wawili, ila akipata mtu wa kumgawia mmoja anapumua.

Tangu 2025 sheria ya kazi ya Tanzania inamwongezea mfanyakazi aliyejifungua njiti likizo mpaka zitimie zile wiki 40 za mimba. Mama wa shambani hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake inatolewa na watu wa nyumba ile, na wewe ndiye wa kwenda kumwombea. Iombe waziwazi, mbele ya mume na mama mkwe: wiki kadhaa asibebe kuni, asilime, asichote maji, na mtajiane nani atafanya nini.

Sasa hilo la joto, kwa sababu hapo ndipo mablanketi na jiko vinapoingia. Watu wanaamini blanketi lina joto. Halina. Linatunza joto la yule aliye ndani yake. Ukitaka bibi akuelewe bila mabishano, mwombe achukue jiwe la mtoni usiku, alifunge ndani ya blanketi zito kuliko yote nyumbani, alifungue asubuhi. Atalikuta baridi vilevile. Njiti anakaribia kuwa kama hilo jiwe. Yale mafuta mwilini ambayo mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni anayachoma ili apate joto, kwa sehemu kubwa huwekwa wiki za mwisho za mimba, na yeye hakuzifikia. Ngozi yake ni nyembamba, joto linatoka. Hata kutetemeka kama sisi hawezi. Na akipoa, maziwa machache anayoyapata yanatumika kutafuta joto badala ya kuongeza uzito. Anachoka, ananyonya kidogo, anazidi kupoa. Ndivyo kilo 1.6 ilivyogeuka 1.4 bila homa wala kuhara.

Kwa hiyo anahitaji mwili wenye joto umguse. Kifua cha mama kinafanya jambo ambalo hata ile chupa ya hospitali, mashine ya joto, inahitaji vitufe kulifanya: mtoto akipoa kinaongeza joto, akipata joto la kutosha kinapunguza.

Jiko la mkaa liondoke chumbani leo, usisubiri wamalize kuelewa mengine. Mkaa unapowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaua mtu mzima usingizini, sembuse kifua cha kilo moja na nusu. Juni na Julai kwenu baridi inauma, najua, na mtu anayewasha jiko anawasha kwa mapenzi. Mwambie hivyo. Mwambie pia achague chumba kisicho na upepo, kilicho mbali na moshi wa kuni, azibe nyufa, chumba kiwahi kufungwa jioni kabla baridi haijaingia, na mtoto asiogeshwe kila siku. Kufutwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, sehemu moja moja, harakaharaka, kunatosha mpaka akue. Chupa za maji moto ubavuni mwa mtoto nazo hapana: nimefunga vidonda vya moto kwenye mapaja ambayo unene wake ni kama kidole changu.

Kufundisha kubeba kwenyewe usifundishe kwa mdomo. Chukua mfuko wa mchele wa kilo moja na nusu, uviringishe kwenye kanga, ufungie kichwa cha kitambaa. Nenda nao kila nyumba. Mama atoe sidiria, avae blauzi au shati linalofunguka mbele. Mtoto anavaa nepi, kofia na soksi tu. Anasimamishwa katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama chura, mikono nayo imekunjwa. Kichwa kinageuzwa upande, shingo imenyooka kidogo, kidevu kisizame kifuani. Hili la kidevu lirudie mpaka wakuchoke. Njia ya hewa ya njiti ni laini, kidevu kikizama inajikunja kama mrija wa plastiki. Kisha kitenge kinazungushwa kwa nguvu, ukingo wa juu unafika chini ya sikio la mtoto, fundo linakazwa pembeni au nyuma. Juu yake mama anavaa nguo zake na koti. Akiinuka, mtoto asiteleze. Akiangalia chini, aone uso.

Ukishaonyesha mara moja, rudi nyuma, mikono nyuma ya mgongo. Afanye mwenyewe na mfuko, halafu na mtoto. Akikosea usinyakue, mwulize, "Kidevu kiko wapi?" Halafu, hii ndiyo hatua ambayo wengi tunairuka, yeye amfundishe mama mkwe wewe ukiwa umekaa pembeni unakunywa chai. Mtu akishamfundisha mwingine kwa mkono wake, hawezi tena kusema ya hospitali.

Usiku alale ameegemea, asilale chali kabisa. Si kila nyumba ina mito minne. Gunia la mahindi lililolazwa ukutani na kufunikwa kanga linafaa kabisa, na halihami.

Mama mkwe umeuliza umjibu nini. Usimjibu. Mpe mtoto ambebe. Mwombe aoshe mikono mpaka viwiko, afungue kifua, umfunge kitenge mwenyewe, umwache robo saa. Bibi niliyemwona amekataa kwa maneno makali kuliko wote alikaa na mjukuu wake kifuani, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe anapumua hivi." Yeye ameona watoto wa namna hii wakifa enzi zake, na anaogopa kumzoea. Ukali wake mara nyingi ni woga huo.

Akitaka historia, mpe. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mikononi mwa daktari Edgar Rey Sanabria, kwenye hospitali ambayo mashine za joto zilikuwa chache na watoto wamelazwa pamoja, wanaambukizana. Tangu hapo watu wengi, hata wataalamu wenzetu, waliiona kama njia ya wasio na mashine. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili, kwa watoto 3,211 wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya 1.8. Kundi moja lilibebwa mara tu baada ya kuzaliwa, jingine likatunzwa kwa mashine kwanza mpaka hali itulie. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12 kwa waliobebwa mapema, na asilimia 15.7 kwa wengine. Kifua kilishinda, ndani ya hospitali zenye mashine.

Utafiti mwingine nakupa wewe binafsi. Jimbo la Haryana, India, matokeo yake yalitoka 2019: zaidi ya watoto 8,000 wadogo, na kangaruu ilianzishwa nyumbani, na wahudumu waliokwenda nyumba kwa nyumba. Vifo katika siku za mwanzo vilipungua kwa takribani asilimia 30. Wahudumu wale walikuwa wanafanya kazi hii unayoifanya wewe, kwa miguu, mlango kwa mlango.

Nije kwenye maziwa, ambako nyumba nyingi huvunjika baada ya joto. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio kunamjia mtoto kwenye wiki ya 34 ya mimba hivi. Aliyezaliwa kabla ya hapo huruhusiwa akiwa anameza vizuri kwa kikombe, au ananyonya na kuongezewa kwa kikombe. Mama akimwona anasinzia titini anadhani ameshiba, kumbe amechoka. Njiti haamki kudai chakula. Anaamshwa. Kila baada ya saa mbili mpaka tatu, usiku na mchana. Kama simu ipo nyumbani, muwekee milio wewe mwenyewe kabla hujaondoka.

"Maziwa hayatoki" ndiyo kauli utakayoisikia kuliko zote, na baada yake yanakuja maziwa ya ng'ombe, maji ya glukosi, uji mwepesi. Mpigie hesabu. Mtoto wa kilo 1.8 anayekula maziwa tupu anahitaji kama mililita 160 kwa kila kilo kwa siku, yaani karibu mililita 290. Ukigawa mara kumi na mbili ni mililita 24, vijiko vitano vya chai. Chukua kijiko cha chai, umimine maji mara tano ndani ya kikombe kidogo, umwonyeshe. Nimeona akina mama wakilia kwa nafuu hapo, kwa sababu walikuwa wanajilinganisha na jirani mwenye mtoto wa kilo tatu na nusu. Kiasi cha mtoto wake hasa kiko kwenye karatasi aliyopewa hospitali, na kinapanda kadiri anavyokua, mwombe akuonyeshe.

Kukamua kufundishwe kwa mkono: mikono imeoshwa, kidole gumba juu na vingine chini ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, bonyeza kuelekea kifuani, kaza, achia. Asivute chuchu, inauma na haitoi. Akamue mtoto akiwa kifuani au mara tu baada ya kumbeba, maziwa hutoka kwa wepesi zaidi. Kikombe kiwe kile kinachosafishika, kilichochemshwa. Chupa yenye chuchu ya mpira isiingie nyumba hiyo. Kumnywesha, mtoto akae wima kidogo, kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Anayemiminiwa anapaliwa. Maziwa ya ng'ombe ni mazito mno kwa figo na utumbo wake. Hilo mwambie mama mkwe bila kuzungukazunguka.

Kupima mafanikio, mzani hauna upendeleo. Tunatafuta gramu 15 hivi kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo yule wa kilo 1.8 aongeze karibu gramu 190 kwa wiki. Kama zahanati ina mzani wa watoto, apelekwe kila wiki, akiwa amefungwa kifuani njia nzima. Asiyeongezeka wiki nzima arudi hospitali hata kama "anaonekana mzima".

Dalili za hatari usiziimbe kumi kwa mpigo, hakuna anayezibakiza. Fundisha mkono kwanza: mama aguse nyayo na tumbo kila anapombadilisha nepi. Nyayo za baridi, tumbo la joto: mrudishe kifuani, ongeza kofia. Nyayo na tumbo vyote baridi: mfunge kifuani na muanze safari. Ukiwa na kipimajoto, tunataka kati ya 36.5 na 37.5, chini ya 35.5 ni hospitali, na kupita 37.5 nako ni hospitali. Nyingine za kuondoka bila kusubiri asubuhi ni hizi: ameacha kunyonya au amelegea, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, degedege, matapishi ya kijani, tumbo limejaa, manjano imefika viganjani na nyayoni, kitovu chekundu chenye usaha. Na akisitisha pumzi au midomo ikigeuka bluu, mama amsugue mgongo kwa nguvu kidogo, anyooshe shingo, akishapumua waondoke naye. Mama alionyeshwe hili la mgongo kwa vitendo, kwa sababu likitokea hatakuwa na muda wa kukumbuka maneno. Degedege wengine watasema ni la kwa mganga. Panga nauli na pikipiki kabla, na namba ya dereva iandikwe ukutani. Nyumba yenye mpango huo haikai kubishana usiku.

Kitovu kisipakwe chochote. Mafuta ya nazi au alizeti ya kupaka mwilini taratibu hayana ubaya, bibi akitaka kazi mpe hiyo, ila asichue kwa nguvu na mtoto asiachwe uchi.

Chanjo zinafuata tarehe aliyozaliwa, asisubirishwe "mpaka akue": wiki ya sita ni wiki ya sita. Maendeleo yake ndiyo yanahesabiwa kutoka tarehe aliyotarajiwa, kwa hiyo aliyewahi miezi miwili, akifikisha miezi sita mtazame kama wa minne, na umwambie bibi asimlinganishe na wa jirani. Matone ya madini ya chuma na vitamini D aliyoandikiwa asiyaache. Na waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 wanahitaji kupimwa macho na mtaalamu wakiwa na umri wa wiki nne hivi, maana mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kukua vibaya na mtoto akapoteza uwezo wa kuona kimyakimya. Angalia kadi. Kama tarehe ya macho haijaandikwa, uliza hospitali alikozaliwa. Hapa tunapoteza watoto ambao tulishawavusha penye ugumu zaidi.

Matembezi yako yasisubiri wiki. Nenda siku ya pili baada ya kutoka hospitali, kwa sababu usiku wa kwanza na wa pili ndipo mtoto anaposhushwa kifuani. Nenda tena kabla ya siku ya saba, kisha kila wiki. Ukifika, usiulize "unambeba?" Atakujibu ndiyo. Uliza, "Jana usiku nani alimbeba, na alfajiri je?" Ukimkuta kitandani usigombe. Mwombe mama aguse nyayo, mguse pamoja, yeye mwenyewe ataamua.

Watakuuliza mpaka lini. Mtoto mwenyewe ndiye anayesema: ataanza kurusha miguu, kutoka jasho, kujivuta nje ya kitenge na kulia akifungwa. Wengi hufikia hapo karibu na kilo 2.5, au karibu na ile tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa. Kabla ya hapo, hata akionekana mnene wa mashavu, bado.

Kwa yule aliyerudi kutoka hospitali, nenda jioni hii au kesho, mama mkwe akiwa ameshatoka shambani na mume yupo. Beba mfuko wa mchele na kijiko cha chai. Ukifika, jambo la kwanza ni jiko litoke chumbani.